Nimeuliza lini tunaanza kurusha ndege, nimejibiwa na mdomo umejaa sambusa

Wakuu habari za jioni, ila msiniulize yangu maana yangu si nzuri. Nimetoka pale ofisini sasa hivi, mikono bado inatetemeka, naandikia kwenye daladala nimesimama mguu mmoja, mkiona herufi zimerukwa jueni ni dereva na breki zake.

Jina sitaji. Mliopita pale mnamjua. Miwani ya kamba, kikombe cha chai kisichoisha, anaongea na wewe huku anaangalia dirishani kama anasubiri mvua. Huyo huyo.

Nimeingia kwa adabu zote, shikamoo nimetoa, nikamwambia mzee samahani, sisi wa digrii ya usafiri wa anga semista ya tatu ndo inaisha hii, sasa ile sehemu ya kurusha tunaanza lini. Swali la kistaarabu kabisa, hata mtoto wa chekechea angejibiwa. Wakuu yule mzee alikuwa na sambusa mkononi. Akaing'ata. Akatafuna. Akacheka ikiwa mdomoni, kipande cha nyama kikaruka kikatua juu ya barua yangu ya udahili, na naapa hicho ndo kitu pekee nilichoona kikiruka na kutua tangu nianze chuo. Halafu akasema: "Kijana wangu, nani kakwambia hapa unasomea urubani? Huo ni usimamizi. Ndege utapanda, kama abiria. Ukiwa na nauli."

UKIWA NA NAULI!!!

Yaani angeishia kwenye usimamizi ningevumilia. Angeishia hata kwenye abiria. Ila nauli jamani, nauli, kwani aliniangalia viatu?

Kipeperushi chao ninacho mpaka leo, mbele kuna picha ya rubani kavaa shati jeupe, mistari minne ya dhahabu begani, anacheka na miwani yake ya jua. Mistari minne ni kapteni, hata msaidizi hawakuweka! Nyuma yake ndege. Sasa mtu kasoma PCM akalia na fizikia miaka miwili, unamuonyesha ile picha, anaelewa nini? Anaelewa usimamizi?

Kijijini kila ndege ikipita mama anatoka nje anapunga khanga, anasema huyo mwanangu anajifunza. Majirani nao wanapunga. Shangazi karusha mkono mpaka kateguka bega. Leo nikawaambie nini, kwamba mimi ndo yule nitakayehesabu mabegi?

Na darasani tulifundishwa wale ndugu wawili wa Wright, 1903, ndege yao mara ya kwanza ilikaa hewani sekunde 12. Kumi na mbili! Na hata cheti cha sekondari hawakuwa nacho. Mimi nina semista tatu, GPA 3.9, sekunde sifuri.

Ukiwa na nauli. Sitasahau. Sijaja kuomba ushauri, nimekuja kulia.

Chai ya Rangi: Miwani ya kamba?? 😂😂 Mimi aliniambia nisome kwanza jina la kozi ndo nilie. Alikuwa anakula chapati siku hiyo.

Bawa la Kuku: Mkuu semista TATU ndo unauliza? Ungemaliza mpaka joho ukaliwekea mabawa.

Kiti cha Dirishani: Pole mdogo wangu ila nikupe ukweli. Digrii haikupi leseni. Leseni inatoka mamlaka ya usafiri wa anga na wale hawana habari na GPA, wanataka logibuku, lile daftari la saa ulizoruka. Kwa viwango vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, leseni ya rubani binafsi ni saa 40 za kuruka, ya biashara saa 200, au 150 kama umepita kozi moja iliyounganishwa mwanzo mwisho. Saa zinapigwa kwenye vindege vidogo kama Cessna 172 na kila saa unalipia, injini haikopeshi. Na kabla hujauza hata kuku, kapime medikali ya daraja la kwanza. Namjua mtu kauza kiwanja, kalipa ada Afrika Kusini, kafika huko kakutwa hatofautishi nyekundu na kijani.

Mleta uzi: @Kiti cha Dirishani shukrani kaka ila hujaelewa, ishu si leseni. Ishu ni UKIWA NA NAULI.

Bawa la Kuku: Kwani unayo?

Mleta uzi: Ndo maana imeniuma.

Baharia Mkavu: Afadhali wewe. Mimi nimesomea mambo ya bahari miaka mitatu, chombo pekee nilichopanda ni pantoni ya Kigamboni, tena nikabanwa na mkokoteni wa mananasi. Nyumbani naitwa Nahodha. Kuogelea sijui.

Ndugu Theluji: Huku Marekani digrii ina kazi. Baada ya ajali ya ndege ya shirika la Colgan Air karibu na mji wa Buffalo 2009 walibana, kuanzia 2013 hata rubani msaidizi anatakiwa saa 1500, ila ukiwa na digrii ya anga ya chuo kilichoidhinishwa wanakuruhusu na 1000. Cha kushangaza wale marubani wa ile ndege wote wawili walikuwa wamezidi 1500. Kwa hiyo dogo digrii usiidharau.

Chai ya Rangi: Mjomba sisi tuko kwenye sambusa wewe umefika Buffalo.

Saa 210: Naombeni nikae na mimi. Leseni ya biashara ninayo. Saa 210. Mzee kauza ng'ombe, kauza na zizi. Kazi kila ninapoenda wanataka saa 1000 na cheti cha aina ya ndege yao, sasa hizo saa nikazitoe wapi, kwenye bembea? Kwa sasa nauza vocha, shati la mistari nalivaa kwenye harusi. Mleta uzi soma usimamizi wako, ndo hao wanaotufungia milango, siku moja unifungulie.

Baharia Mkavu: @Saa 210 harusini unalipwa? Mimi vazi la nahodha ninalo jipya.

Mama Wawili: Nyie wote mna nafuu, mwanangu kaandikishwa ufundi wa ndege, mwezi wa nne huu wanafungua na kufunga injini moja ileile ya zamani. Kaizoea mpaka anaiota.

Bawa la Kuku: Swali nje ya mada. Huyo mzee sambusa yenye nyama kapata wapi? Huku mtaani zote siku hizi viazi.

Chai ya Rangi: Sambusa ya viazi si sambusa, ile ni kachori imevaa suti.

Mama Wawili: Usiitukane. Ya viazi na kitunguu kingi na pilipili mbuzi haina mpinzani.

Kiti cha Dirishani: Tanga ndo wanajua sambusa, mengine haya ni maandazi yamekunjwa.

Baharia Mkavu: Tanga?? Zanzibar umefika wewe?

Bawa la Kuku: Mleta uzi jibu, kanunua wapi?

Mleta uzi: Kwa mama wa getini. Mia tano. Nilichukua mbili nikitoka, hasira inatia njaa.