Ushauri: dayatomu za mlimani Antaktiki, niziamini au nisiziamini?

Kokoto: Habari wakuu. Niko mwaka wa 3 jiolojia, Jumanne nina semina. Mada yangu ni mashapo ya Sirius, yale yaliyoachwa na barafu juu kwenye Milima ya Transantarctic. Mwaka 1984 Webb, Harwood na wenzao walitangaza kukuta humo dayatomu (vijimea vidogo sana vya majini vyenye gamba) za baharini za Pliosini, enzi ya kama miaka milioni 5 hadi 2.6 iliyopita. Wakasema takriban miaka milioni 3 iliyopita barafu ya mashariki mwa Antaktiki ilipungua sana, bahari ikaingia bara, kisha barafu iliporudi ikalizoa tope na kulipandisha mlimani. Wapinzani wanadai ni vumbi la upepo tu. Nimesoma pande zote, kichwa kinauma. Nishike upande gani?

MzeeWaMawe: Kijana, kisukuku (mabaki ya kiumbe cha kale) kina umri wake, mwamba una wake. Ukikuta shilingi ya 1966 katikati ya zege, unajua zege halikumwagwa kabla ya 1966. Ukiikuta kwenye ufa wa zege, hujajua kitu.

Chaza: Ila umri wa dayatomu zenyewe si wa kubahatisha. Kwenye kisima cha utafiti cha CIROS-2, eneo la McMurdo hukohuko Antaktiki, dayatomu za Pliosini zilikutwa pamoja na majivu ya volkano, na majivu yakapimwa yakatoa kama miaka milioni 3. Hiyo ni 1992. Ugomvi ni namna zilivyofika mlimani.

Kokoto: Sawa mkuu. Mbona hawatumii foraminifera, vile viumbe vidogo vya baharini vyenye gamba? Huku kwetu mashapo ya Kilwa na Lindi yanasomwa kwa hizo.

Chaza: Gamba la foraminifera nyingi ni chokaa, na maji ya baridi kali huila. La dayatomu ni silika, linadumu.

MzeeWaMawe: Turudi kwenye ufa. Mwaka 1996 Burckle na Potter walipasua miamba ya Antaktiki ya zamani kupita kiasi, mingine ya magma kabisa, wakakuta dayatomu hizohizo za Pliosini na za Plaistosini, enzi iliyofuata, zimejificha kwenye nyufa. Magma na kiumbe cha bahari wapi na wapi! Upepo unazibeba, hata kwenye barafu ya Ncha ya Kusini zimeokotwa. Kwa hiyo kila sampuli iulize: ilitolewa juujuu au ndani? Dayatomu ni mojamoja au zimeshikana na tope lake? Bonge la tope halipeperuki kirahisi. Mimi naegemea upepo, ila usininukuu.

Kokoto: Nabadili kichwa cha semina kiwe "Zilifikaje?" Na shilingi ya 1966 naiba, mzee.

MzeeWaMawe: Iba tu. Wenzako wa siku hizi hata hawajawahi kuishika.