Kikundi cha tamthilia teule kikija shuleni, mtoto anapata nini?

Hoja: Shule nyingi za upili Kenya hualika vikundi vije kuigiza *Bembea ya Maisha* ya Timothy Arege, tamthilia inayotahiniwa katika karatasi ya tatu ya Kiswahili. Mzazi hutoa kiingilio. Je, jukwaa linampa mtoto kitu ambacho kitabu na video havimpi?

Mwalimu wa Fasihi: Linampa, na limepimwa. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Arkansas, Marekani, walichapisha matokeo ya tiketi za bure zilizogawiwa kwa kura. Walioshinda kura walitazama *Hamlet* au *A Christmas Carol* jukwaani, waliokosa wakabaki. Waliotazama walikijua kisa na msamiati wake vizuri zaidi, tena walitambua hisia za mtu kwa kutazama picha ya macho yake tu. Kusoma kitabu au kuona filamu hakukutosha kueleza tofauti hiyo.

Mzazi: Hao walikaa ukumbini, mwalimu. Wetu wanarundikwa bwaloni, mia sita kwa mkupuo. Aliye nyuma anaona visogo, na mvua ikianza kupiga mabati ndiyo basi. Kiingilio kimeliwa na kitabu hajakifungua.

Mwelekezi: La bwalo linatibika, ila shule nyingi hazitaki kuligusa. Kwanza, usijenge jukwaa mwisho wa bwalo. Igizeni katikati ya ukuta mrefu, watazamaji wakae pande tatu: safu nne za mbele chini sakafuni, zinazofuata kwenye mabenchi, wa mwisho wasimame. Hapo hakuna atakayekuwa mbali sana na uso wa mwigizaji. Mkiwapanga kwa urefu wa bwalo, wa nyuma anasikia sauti tu, basi heri angewekewa redio. Pili, mwigizaji asiigize akiwa amelipa dirisha mgongo. Mwanga ukitoka nyuma yake anageuka kivuli. Tatu, msiunganishe meza za kulia kuwa jukwaa. Zinaachana mtu akiruka, na kishindo chake kinameza maneno. Na mia sita ni wengi mno. Gawanyeni maonyesho mawili, asubuhi kabla ya mapumziko na baada yake. Mchana mabati yana joto, watoto wameshiba, wanasinzia.

Mtahini: Mmeongea viti na madirisha, lakini shida kubwa iko kwenye maneno. Vikundi huongeza vichekesho ili bwalo lichangamke. Mchukueni Yona, yule mlevi wa tamthilia hii. Akiingia anayumba, suruali inamdondoka, watoto hoi kwa kicheko. Mtihani unauliza sifa zake, mtahiniwa anaandika "ni mcheshi" na anatoa mfano wa suruali, ambayo haimo kitabuni. Alama hakuna. Vibaya zaidi, kicheko kinaficha sababu. Mwandishi amemwonyesha mwalimu aliyeponzwa na masimango ya jamii kwa kukosa mtoto wa kiume, akakimbilia chupa. Pia wanakata sehemu za kitabu ili wawahi shule nyingine, na mtoto hajui kilichokatwa.

Mwalimu wa Fasihi: Kweli kabisa, ndiyo maana mpangilio ni muhimu. Kitabu kisomwe chote kwanza, walau wiki mbili kabla. Kikundi kitume orodha ya sehemu kilizokata. Siku ya pili, kipindi kimoja cha dakika 40: wanafunzi wawili wawili wafungue onyesho moja kitabuni, waandike mambo matatu yaliyotofautiana na ukurasa, kisha waseme kama tofauti hiyo inabadilisha maana. Suruali ya Yona ikitajwa hapo, haitajitokeza kwenye mtihani. Onyesho likija kabla ya kitabu, wengi hawakisomi tena.

Mzazi: Kama kipindi cha dakika 40 ndicho kinachofanya kazi, si watoto waigize wenyewe darasani bure?

Mwelekezi: Waigize, tena ni vizuri sana kwa wale wanaoigiza. Hata tamasha la maigizo la shule za Kenya, lililoanza 1959, limekuza wengi kwa njia hiyo. Lakini tazama anayetazama. Darasani Yona ni mwenzao wa dawati la nyuma, wanamcheka yeye, hawamwoni Yona. Sara, mkewe Yona anayeugua, akikohoa wanajua anayemwigiza hana ugonjwa. Mgeni aliyevaa maleba na asiyejulikana jina, Sara wake akiinuka kitini kwa shida, hata wale wakorofi wa Kidato cha Tatu hunyamaza. Ukimya huo video haiuleti, maana kwenye video hakuna anayeogopa kumkatiza mgonjwa.

Mtahini: Ukimya huo huvunjwa na nyinyi wenyewe, mkiona wametulia mnatupia mzaha.

Mwelekezi: Nakubali, wapo wafanyao hivyo. Shule iandike kwenye makubaliano: hakuna neno nje ya kitabu, na nusu ya malipo itolewe baada ya onyesho.

Mzazi: Na barua inayokuja nyumbani iseme watoto wangapi kwa kila onyesho. Ikiandikwa mia sita, mimi sitoi.