Mjadala: Janga likija tena, serikali ilipe mazishi kwa risiti au kwa mkupuo?

Mwenye mada, South B
Hoja ni hii. Tarehe 12 Aprili 2021 Marekani ilianza kurudishia familia gharama za kuzika waliokufa kwa Covid-19, kupitia FEMA, shirika lao la maafa. Kikomo kilikuwa dola 9,000 kwa marehemu mmoja, ambazo kwa bei ya leo zinapita shilingi milioni moja za Kenya. Dirisha la maombi lilifungwa 30 Septemba 2025. India nayo, baada ya kusukumwa na Mahakama ya Juu ya kwao, ilichagua mkupuo: rupia 50,000 kwa kila kifo, yaani shilingi elfu sabini na kitu, na hakuna anayekuuliza jeneza lilikuwa la mbao gani. Sisi Wakenya tulichangishana. Janga jingine likibisha hodi tufuate njia ipi? Mimi niko na India.

Mhasibu, Umoja
Napinga. Mkupuo ni mwaliko kwa marehemu hewa. Nchi iliyopitia sakata la Kemsa, shirika la serikali la kununua dawa, mwaka 2020 haiwezi kugawa pesa bila karatasi. Wamarekani walidai vitu vitatu: cheti cha kifo kinachotaja Covid, risiti au mkataba wenye jina la mwombaji, na uthibitisho wa pesa zozote zilizotoka kwingine. Bima ya mazishi ilikatwa kwenye malipo, bima ya maisha haikuguswa. Mazishi yaliyolipiwa kabla mtu hajafa hayakuhesabiwa. Mfumo wa namna hiyo unakaguliwa.

Muuza majeneza, Ngong Road
Risiti ipi, ndugu yangu? Mteja akilipa kwa simu, ujumbe una namba ya muamala, kiasi, saa na jina langu. Neno "jeneza" halimo. Hema na viti vimekodiwa kwa kikundi cha kina mama, hao nao hawana kitabu cha risiti, sembuse eTIMS, ule mfumo wa risiti za kielektroniki wa mamlaka ya kodi. Dereva wa kwenda Siaya anataka nusu mkononi kabla hajawasha injini. Halafu waliolipa ni wengi: shemeji kalipa mochari, binamu kalipa mafuta, shangazi kanunua mchele. FEMA ilikubali mwombaji mmoja na mwenzake mmoja kwa fomu moja. Ukoo wetu utaingia vipi hapo?

Mhasibu, Umoja
Utaingia kwa laini moja. Kamati ya mazishi ichague mweka hazina, michango yote iingie kwake, malipo yote yatoke kwake. Siku ya kudai, anaomba taarifa ya M-Pesa kupitia *334#, inatumwa kwa barua pepe. Kando ya kila mstari anaandika kilicholipiwa, na muuzaji anatia sahihi. Kinachoharibu ni kutoa pesa taslimu kwa wakala na kulipa mkononi. Hapo ushahidi unakatika, maana taarifa inasema "kutoa pesa" na basi.

Wakili, Ngara
Sawa, lakini hujagusa harambee. Ukikata kila msaada kama FEMA, familia ya Nairobi itabaki na sifuri, kwa sababu karibu kila shilingi ni mchango. Utakuwa umewaadhibu waliochangiwa na kumlipa aliyekopa. Kumbuka pia saa. Machi 2021 serikali iliagiza maiti azikwe ndani ya saa 72. Mchango wa kawaida huchukua wiki nzima na zaidi, majina yakisomwa kwenye kundi la WhatsApp kila jioni. Siku tatu hazitoshi, hivyo watu walikopa kwanza. Msaada unaokuja miezi sita baadaye unakuta riba imeshazaa. Kwa Waislamu, wanaozika siku hiyo hiyo, ndiyo kabisa.

Na swali la nani alipe lisirukwe. Jedwali la Nne la Katiba linaweka makaburi, mochari na tanuri za kuchoma maiti chini ya kaunti. Hifadhi ya jamii, Kifungu cha 43, ni wajibu wa serikali kwa ujumla. Bila kulitatua hilo mapema, Nairobi itasubiri hazina kuu, nayo hazina kuu itasubiri Nairobi.

Mwenye mada, South B
NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, tayari ina ruzuku ya mazishi ya shilingi 10,000 kwa mwanachama. Si ianzie hapo?

Wakili, Ngara
Ya mwanachama. Mama mboga wa Mukuru hayumo.

Karani wa usajili
Mnagombania pesa na karatasi yenyewe hamjaiangalia. Kifo cha hospitalini huandikwa kwenye fomu D1. Sababu ya kifo ina mistari (a), (b), (c): wa juu ni kilichomuua moja kwa moja, wa chini ni chanzo. Daktari akiandika "nimonia" juu na kuishia hapo, kwa serikali huyo kafa kwa nimonia. Ilitakiwa Covid-19 iwe mstari wa chini, na namba ya ugonjwa ni U07.1 kama kipimo kilithibitisha, U07.2 kama inashukiwa tu. Kurekebisha ni kazi ya aliyetia sahihi. Kaunta ya usajili haiwezi kukuongezea ugonjwa, hata ulie vipi.

Wamarekani walikwama hapo hapo. Kwa vifo vya kati ya 20 Januari na 16 Mei 2020 walilazimika kukubali barua ya daktari aliyethibitisha kifo, ikieleza jinsi Covid ilivyohusika. India ilihesabu anayekufa ndani ya siku 30 tangu kipimo chanya, hata akifia nyumbani.

Mwenye mada, South B
Basi tuchukue hiyo ya siku 30, tumalize.

Karani wa usajili
Na aliyefia nyumbani Kayole bila kipimo? Huyo anaandikiwa D2, fomu ya vifo vya nyumbani, na naibu wa chifu, kwa maneno ya jamaa: "homa", "kifua", "kuumwa kwa muda mfupi". Mkupuo au risiti, njia zote mbili zinaanzia kwenye mstari huo wa sababu ya kifo.

Muuza majeneza, Ngong Road
Basi naibu wa chifu apewe vipimo vya haraka kabla hajapewa kalamu.