MREJESHO: swali langu la muoni na data za elektroni na pozitroni
Wakuu nimerudi. Niliuliza kwa nini kutabiri usumaku wa muoni (chembe kama elektroni ila nzito zaidi) wamekuwa wakigonganisha elektroni na pozitroni (pacha wake wa chaji chanya), wakati muoni yenyewe haina kwaki ndani, zile chembe zinazounda protoni. Nimeelewa jamani! Kaka mmoja wa mwaka wa tatu hapa UDOM alinichorea kwenye daftari, tumekaa nje upepo wa Dodoma unapeperusha karatasi tukazibana na jiwe, akanionyesha fotoni inayoizunguka muoni inageuka kwa muda mfupi tu kuwa kwaki na antikwaki halafu inarudi, na hicho kipande nguvu kali (inayofunga kwaki pamoja) haikubali kupigiwa hesabu ya kawaida, ndo maana wanapima mgongano unazaa pioni (chembe za kwaki na antikwaki) ngapi kwa kila nishati. Akachora grafu yenye kilima, kilele karibu na nishati ya elektronivolti milioni 775, ndo chembe ya rho hiyo, inayovunjika haraka kuwa pioni, mchango mkubwa unatoka hapo.

Sasa kinachoniuma, vipimo havikubaliani. Jaribio la CMD-3 la Novosibirsk, Urusi, mwaka 2023 lilipata kiwango cha pioni cha juu kuliko majaribio ya zamani ya KLOE na BaBar. Maabara ya Fermilab ya Marekani wao 2025 wamepima usumaku wa muoni kwa usahihi wa hadi sehemu 127 kwa bilioni, yaani utabiri ndo umebaki nyuma kwa usahihi. Mimi naona warudie vipimo vya pioni kwanza, kabla ya kutangaza fizikia mpya.

Asanteni sana mlionijibu.