Norris hakumng'oa Spika, alimpokonya kamati

Faraja: Shikamooni wakubwa. Huyu George Norris, mbunge wa Nebraska kule Marekani, ndiye aliyemng'oa Cannon, Spika wa Baraza la Wawakilishi, 1910?

Mjomba Kassim: Marahaba. Hakumng'oa. Cannon alikalia kiti mpaka 1911. Alichopokonywa ni Kamati ya Kanuni, na nguvu zote zilikuwa humo.

Shangazi Rehema: Kamati yenyewe watu watano tu, Faraja. Spika ndiye mwenyekiti, wawili wa Republican wenzake, wawili wa Democratic. Akielewana na wale wake wawili, kwisha habari. Wanaamua mswada upi ufike ukumbini, ujadiliwe muda gani, urekebishwe au usiguswe. Na ni Cannon huyohuyo aliyepanga nani akae kamati ipi. Ukimkaidi unatupwa kwenye kamati isiyo na kazi.

Faraja: Si wangeleta tu hoja ya kubadili kanuni?

Mjomba Kassim: Hoja ya kubadili kanuni inapelekwa wapi? Kamati ya Kanuni 😂 Inafia hukohuko.

Mjomba Kassim: Norris alitafuta upenyo. 17 Machi 1910 Bunge lilikubali suala la sensa liruke foleni, kwa sababu sensa imetajwa kwenye Katiba. Akasimama na karatasi aliyokuwa nayo mfukoni siku nyingi: Katiba hiyohiyo, ibara ya kwanza, inasema kila bunge litajiwekea kanuni zake. Basi na hoja yangu iruke foleni.

Babu Idi: Na siku aliipatia. Sikukuu ya Mtakatifu Patrick, watu wa Cannon wengi hawakuwepo. Ndiyo maana Spika hakutoa uamuzi papo hapo. Mjadala ukavutwa usiku kucha ili watu wake wapate kurudi.

Shangazi Rehema: Tarehe 19 akaamua hoja haifai. Rufaa ikakatwa dhidi ya uamuzi wake, wabunge 182 wakamkatalia.

Babu Idi: Ila msimpe Norris sifa peke yake. Waasi wa Republican kama yeye, waliompinga Spika wa chama chao, walikuwa wachache. Bila Wademocrat na kiongozi wao Champ Clark asingefika popote, na hao hawakuja bure. Norris alitaka kamati ya wajumbe 15 kutoka kanda mbalimbali. Mapatano yakaleta 10, sita wa chama chenye wingi na wanne wa wachache, wachaguliwe na Bunge, Spika asiwemo. Hiyo ndiyo iliyopita.

Faraja: Cannon akanyamaza?

Mjomba Kassim: Wapi! Mjanja yule. Akasema yuko tayari kupokea hoja ya kutangaza kiti chake kiko wazi. Burleson wa Texas akaileta. Ikaanguka kwa 192 dhidi ya 155, na Norris alipiga kura Cannon abaki. Ugomvi wake ulikuwa na kanuni. Wengine wangelewa ushindi wakaharibu, maana waasi wengi hawakuwa tayari kumpa Mdemocrat kiti.

Faraja: Na baadaye?

Shangazi Rehema: Norris alikuwa Seneti 1913 hadi 1943. 1917 alikuwa mmoja wa maseneta sita waliokataa vita na Ujerumani. Sheria ya mamlaka ya bonde la Tennessee, 1933, ni yake. Bunge la Nebraska kuwa na baraza moja tu, si mawili, tangu 1937, pia kazi yake.

Babu Idi: Cannon naye alianguka uchaguzi wa 1912, akarudi ule wa 1914, akastaafu 1923. Jengo la ofisi za wabunge pale Washington lina jina lake.

Mjomba Kassim: Norris ana bwawa, mto Clinch, Tennessee.