Magonjwa ya zinaa yakipanda kaunti ya vijijini: ni ugonjwa au ni vipimo?

Mleta mada:
Wadau, tuchambue hili. Kila takwimu za mwaka zinapoonyesha kaunti fulani ya vijijini imepanda kwa klamidia, kisonono au kaswende, lawama zinawaangukia vijana na simu zao. Mimi nasema tupige hesabu kwanza. Kiwango huandikwa kwa kila watu 100,000. Kaunti yenye watu 12,000 ikipata wagonjwa 3 wa kaswende, inaandikiwa 25. Mwaka unaofuata wakipatikana 6, inaandikiwa 50, na habari inatangazwa kwamba maambukizi yamepanda maradufu. Wameongezeka watu watatu! Pengine wote wanajuana.

Halafu klamidia. Wanawake wengi walio nayo hawana dalili yoyote, kwa hiyo ukipima wengi utaipata kwa wengi. Mwaka 2020, wakati wa Uviko, Marekani iliripoti klamidia pungufu kwa zaidi ya asilimia 10. Watu hawakuacha mapenzi, waliacha kwenda kupimwa. Kaunti inayopima kwa bidii isiadhibiwe kwa kuonekana chafu, wakati jirani yake asiyepima anapongezwa.

Kibatari:
Mkuu, hesabu nazikubali, hitimisho silikubali. Hii ya "ni vipimo tu" imeshatumika mno kutuliza watu. Kisonono kwa mwanamume mara nyingi hakisubiri kampeni ya upimaji: usaha unatoka, mkojo unaunguza, anakuja mwenyewe mbio. Wanaume wa aina hiyo wakizidi mwaka hadi mwaka, huo ni ugonjwa.

Na watoto je? Huko huko Marekani, watoto waliozaliwa na kaswende walikuwa 335 mwaka 2012. Mwaka 2022 walizidi 3,700. Utaniambia hao nao ni vipimo? Mama akipimwa mapema na kuchomwa benzathini penisilini kwa wakati, wengi mno kati yao wangezaliwa salama. Kaswende ya mwanzo inatibiwa kwa dozi moja tu. Kijijini ugumu ni kuifikia: kliniki iko mbali, inafunguliwa siku chache, na siku ukifika unaambiwa dawa imeisha.

Mleta mada:
Kwa watoto sibishani. Ndiyo maana ningetaka kila kaunti itoe pia idadi ya waliopimwa, na wangapi kati yao walikutwa nao. Bila hiyo tunarushiana namba tupu.

Wa Zamu:
Jamani, mimi niko upande wa kutoa huduma na ugomvi wangu ni wenzi. Mgonjwa akitibiwa peke yake, anarudi na ugonjwa ule ule. Kuna sehemu wanaruhusu apewe dawa ampelekee mwenzake bila huyo mwenzake kuonwa. Kwa vijijini naunga mkono, maana gari la mhudumu wa afya linajulikana na kila mtu, likisimama mlangoni kwako umeshatangazwa.

Ila haifai kila mahali. Klamidia ni vidonge, inawezekana. Kisonono dawa yake ya kwanza ni sindano ya seftriaksoni, na sindano haibebwi mfukoni. Vidonge vya sefiksimu vipo, ila ni chaguo la pili.

Kibatari:
Na mwenzi akiwa mjamzito? Au ana mzio? Au mume ni mkali, akiletewa hivyo vidonge atauliza nani kamletea nani ugonjwa, kisha ngumi?

Wa Zamu:
Hayo tunauliza kabla. Mwenye hofu ya kupigwa hapewi abebe, tunatafuta njia nyingine ya kumfikia huyo mume. Mzio tunaandika maelezo kwenye pakiti, na mjamzito tunahangaika mpaka afike mwenyewe. Lakini wewe unayepinga, niambie: yule ambaye hatafika kliniki kabisa, umempangia nini?