Mrejesho: Kuunga waya bila kuchoma risasi

Wakuu, nashukuru. Niliuliza nitumie nini kuunga waya laini za sensa na mota kwenye bredibodi (ubao wa matundu wa kujaribia saketi) bila kuchoma risasi (kulehemu), maana nyuzi zilikuwa zinapinda kabla hazijaingia tunduni.

Konekta nyeupe za skrubu, zile za mafundi umeme, ni bei chee lakini skrubu inakata nyuzi nyembamba. Nimehamia konekta za Wago 221, zile zenye vimkono vya rangi ya chungwa: menya waya milimita 11, inua kimkono, ingiza, bana. Upande wa bredibodi nimeweka vipande vya waya mgumu kutoka kebo kuukuu ya mtandao ya Cat5e, vinaingia vizuri. Umeme wa mota haupiti kabisa kwenye bredibodi. Ikipita ampia 1 tu, bredibodi inaanza kulalamika.